Kifaa cha kusikia kinanipa maneno lakini kinaniharibia muziki: kosa ni la kifaa, la sikio au la ubongo?

KiongoziKwaya
Salaam wanajukwaa. Mimi hufundisha kwaya na kupiga piano, na masikio yangu yote mawili yamepungua nguvu, hasa kwa sauti za juu. Tangu nianze kuvaa vifaa vya kusaidia kusikia, mazungumzo yamenirudia kiasi kwamba sasa natofautisha "fa" na "sa" bila kumtazama msemaji mdomoni. Lakini nikikaa kwenye piano mambo yanageuka. Noti ndefu za juu zinatetemeka kama za piano iliyolegea nyuzi, kwaya ikifika mahali pa kuimba kwa nguvu sauti inakwaruza, na nikiimba mwenyewe sauti yangu inavuma ndani ya kichwa hata sijui kama niko juu au chini ya noti.

Dai langu ni kwamba vifaa hivi vilibuniwa kwa ajili ya mazungumzo, na wanamuziki tumepewa masalio. Nawaomba mnaovaa vifaa na bado mnafanya kazi ya muziki mnieleze: tatizo liko wapi hasa, na ninyi mnaishije nalo?

FundiMitambo
Karibu, mkuu. Kukwaruza huko kunaeleweka kwa hesabu tu. Mazungumzo ya kawaida kwa umbali wa mita moja yana desibeli 65 hivi, na hata mtu akipiga kelele hapandi sana kupita 90. Fidla karibu na sikio la mpigaji huweza kupita 90, na vyombo vya shaba hupita 100 bila shida. Halafu kumbuka kwamba muziki una vilele vikali zaidi kuliko mazungumzo: kilele cha usemi huzidi wastani wake kwa desibeli 12 hivi, cha muziki kwa 18 hivi.

Sasa, ndani ya kifaa, sauti hubadilishwa kuwa namba mara tu inapotoka kwenye maikrofoni. Vifaa vingi vya kidijitali vimejengwa kwa biti 16, ambazo kinadharia hubeba upana wa desibeli 96 tu. Kwaya yako ikipita kikomo hicho, sauti inakatwa kichwa mlangoni, kabla programu yoyote haijaigusa. Kwa sababu hiyo, kupunguza sauti kwa kitufe hakusaidii, maana utakuwa unapunguza sauti iliyokwisha kuharibika. Dawa ya mafundi, ambayo Marshall Chasin, mtaalamu wa usikivu wa Kanada, ameieleza kwa miaka mingi, ni kubandika tabaka chache za utepe wa gundi juu ya matundu ya maikrofoni wakati wa kupiga. Sauti inayoingia hupungua kwa takriban desibeli 10 na kukwaruza huisha.

Zumari
FundiMitambo ameeleza kukwaruza, lakini hajagusa kutetemeka. Mimi napiga filimbi na ninavaa vifaa pande zote mbili, kwa hiyo hilo nalijua kwa machungu. Kila kifaa cha kisasa kina kizuia mluzi. Kazi yake ni kuutambua ule mlio mwembamba unaotokea sauti ya spika inapovuja na kurudi kwenye maikrofoni, kisha kuufuta. Namna yake ya kuutambua ni kwamba ni mlio mmoja, mnyoofu, usiobadilika. Haya, niambieni noti ndefu ya filimbi ni nini kama si mlio mmoja, mnyoofu, usiobadilika? Kifaa kinaniona mimi ndiye mluzi na kinapambana nami. Baadhi ya vifaa husogeza sauti kidogo juu au chini ili kutenganisha sauti inayotoka kwenye spika na ile inayoingia, na hapo noti halisi inayopenya sikioni na ile iliyosogezwa zinagongana na kutoa mtetemo unaoueleza. Omba uzimiwe kizuia mluzi katika programu ya muziki (mpangilio wa kifaa unaouchagua unapopiga), au angalau kilegezwe.

BesiNzito
Zumari, hata sisi tusiovaa vifaa tumekuwa tukiifikiria filimbi yako hivyo hivyo, basi tu tulikuwa na adabu.

Kwa uzito zaidi: mkuu KiongoziKwaya, muulize mtaalamu wako kama kifaa chako kina mfumo wa kushusha masafa. Mtu asiyesikia sauti za juu huletewa sauti hizo zikiwa zimeshushwa mahali anapoweza kuzisikia. Kwa herufi kama "s" na "sh" ni msaada mkubwa, na huenda ndiyo sababu mazungumzo yamekurudia. Kwa muziki ni balaa, kwa sababu harmoniki za noti, yaani sauti za juu zinazoambatana na shina lake, hupangwa kwa uwiano maalumu, na ukishusha zile za juu peke yake uwiano unavunjika. Noti inabaki na shina sahihi na matawi ya mti mwingine. Nadhani hiyo ndiyo "piano iliyolegea nyuzi".

MpimaMasikio
Nafanya kazi ya kupima usikivu, na nimeona hapa mnakilaumu kifaa kana kwamba sikio lenyewe halina hatia. Pimo la kawaida la kusikia huanzia hezi (mitetemo kwa sekunde) 250 na kuishia 8000. Noti ya C ya katikati ya piano ni hezi 262 hivi, maana yake vibonye 39 vilivyo chini yake havimo kabisa katika pimo hilo, na kibonye cha juu kabisa, hezi 4186, kiko karibu nusu tu ya upeo wake. Mtu anaweza kuwa na karatasi nzuri ya vipimo na bado tusijue lolote kuhusu anavyosikia mkono wa kushoto wa piano.

La pili ni zito zaidi. Katika koklea, ile sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti, kunaweza kuwa na sehemu ambazo seli zake zenye vinyweleo zimekufa kabisa. Ukikuza sauti ya eneo hilo, haisikiki pale pake. Seli za jirani ndizo zinazoitikia, na mwenye sikio husikia kelele au noti iliyopotoka. Hapo kukuza zaidi ni kuharibu zaidi. Jaribio rahisi unaweza kulifanya mwenyewe: vua vifaa, ziba sikio moja, kisha piga vibonye vya piano kimoja kimoja ukipanda. Ukifika mahali ambapo vibonye viwili jirani vinasikika kama noti ile ile, au vinasikika kama mgongano wa mbao usio na noti, mwambie mtaalamu wako mahali hapo hasa. Halafu rudia kwa sikio la pili, kwa sababu kuna watu ambao masikio yao mawili husikia noti ile ile, moja likiisikia juu kidogo kuliko jingine, na hakuna programu ya kifaa inayoponya hilo.

MsomaNota
Kuna mfano wa kihistoria unaomuunga mkono MpimaMasikio. Mtunzi Mfaransa Gabriel Fauré, aliyekuwa mkurugenzi wa Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris, kuanzia 1905 hadi 1920, hakupata upungufu wa sauti peke yake. Noti za chini na za juu zilimfikia zikiwa zimepotoka, na zile za katikati zilibaki sahihi ingawa hafifu. Hapakuwa na kifaa cha kulaumiwa. Na Beethoven vilevile alitunga maisha yake yote bila kusikia chochote, wala hakutumia kifaa.

SautiYaTatu
Kuhusu Fauré sina ubishi. Kuhusu Beethoven, ndugu MsomaNota, hapana. Aliandika ile barua maarufu ya Heiligenstadt, ambamo aliungama uziwi wake, mwaka 1802, akiwa na umri wa miaka 31, na kusikia kwake kulikuwa kukipungua kidogo kidogo. Madaftari ya mazungumzo, ambamo wageni walimwandikia maneno, yanaanzia 1818. Vifaa alikuwa navyo: pembe za kusikilizia alizotengenezewa na Johann Mälzel, huyo huyo aliyechukua hataza ya metronomu (kifaa cha kupigia mapigo ya muziki) mwaka 1815. Kwa hiyo alikuwa mwanamuziki mwenye kifaa cha kusaidia kusikia, na kama sisi sote, kifaa hakikumtosheleza.

MsomaNota
Pembe ya bati si kifaa, ni faneli. Lakini tarehe nimezipokea, asante.

Fidla_Nne
Tuirudie hoja. Kuna sababu nyingine ambayo hamjaitaja, nayo ni ucheleweshaji. Kifaa cha kidijitali huhitaji muda wa kuchakata sauti, kwa kawaida kati ya milisekunde 3 na 8. Mimi navaa zile ncha laini za mpira zenye matundu, kwa hiyo sauti halisi ya fidla inaingia moja kwa moja, kisha ile ya kifaa inafuata nyuma yake. Kwangu mimi fidla yangu inasikika kama imepigwa ndani ya bomba, na kifaa kimezimwa kila kitu ambacho Zumari na BesiNzito wamekitaja.

FundiMitambo
Dada Fidla_Nne, milisekunde 5 ni muda ambao sauti husafiri mita 1.7 tu. Kwenye okestra unakaa mbali zaidi ya hapo na wapiga tarumbeta, na hujawahi kulalamika kwamba wanachelewa.

Fidla_Nne
Nimewahi kulalamika, ila kwa sababu nyingine.

Kaka, sizungumzii kuchelewa kwa mapigo. Nazungumzia sauti ile ile kukutana na nakala yake ndani ya mfereji mmoja wa sikio. Wewe ni fundi, unajua kinachotokea: kwa tofauti ya milisekunde 5, masafa fulani yanafutana, kila baada ya hezi 200, na mengine yanaongezeka maradufu. Hilo linabadilisha rangi ya chombo chote. Athari inakuwa mbaya zaidi pale ambapo sauti mbili zina nguvu sawa, nayo ni hali ya mtu mwenye upungufu wa wastani anayevaa ncha ya wazi. Mtu aliyezibwa sikio kwa plagi iliyochongwa kwa kipimo chake hasikii hivyo, kwa kuwa anapata sauti ya kifaa peke yake.

FundiMitambo
Hapo nakubali hesabu, ingawa bado naamini kwaya ya KiongoziKwaya inakwaruza kwa sababu ya mlango uliojaa. Na niongeze onyo kwa wanaotaka kujisikiliza kupitia Bluetooth: muda wake wa kuchelewa huweza kuzidi milisekunde 100, na huo hakuna mpigaji anayeweza kwenda nao.

Soprano_Mzee
Nimesubiri mtu azungumzie kuvuma kwa sauti kichwani, naona wapiga vyombo mmejisahau. Unapoimba, mifupa ya fuvu hupeleka sauti yako hadi kwenye mfereji wa sikio, na kwa kawaida sauti hiyo hutoka nje. Ukiziba mlango wa sikio, inabaki humo, na masafa ya chini huweza kuongezeka kwa desibeli 20. Kifaa hata kikizimwa kuvuma kunabaki, kwa sababu si kifaa kinachovumisha, ni kizibo. Wapiga saksafoni na tarumbeta wanayapata haya haya kupitia meno na taya.

KiongoziKwaya, imba irabu "ii" huku kifaa kimezimwa lakini kimevaliwa. Ikivuma vile vile, omba tundu la hewa lipanuliwe, au plagi ndefu inayofika kwenye sehemu ya mfupa ya mfereji. Ukichagua tundu kubwa, Fidla_Nne amekwisha kukueleza utakachokutana nacho upande wa pili, na Zumari atakuambia kwamba mluzi nao unapenda matundu makubwa. Hakuna tundu linalowaridhisha watatu hawa pamoja. Mimi niliimba kwa miaka nikiwa na kifaa sikio moja tu, na sikio la pili nikaliacha wazi liniambie ukweli kuhusu sauti yangu. Mtaalamu wangu hakufurahi.

Udi_na_Kamba
Ndugu zangu, mnazungumza kama vile kifaa na sikio ndivyo vinavyosikia. Mtu akikaa miaka bila kusikia sauti za juu, ubongo huzoea dunia isiyo nazo. Siku akirudishiwa, kila kitu ni kikali na kigeni. Nilipopata vifaa, udi wangu ulisikika kama nyuzi za waya, na nilikuwa tayari kuvirudisha. Sikubadilisha mpangilio wowote. Nilivaa kila siku, nikapiga vipande ninavyovijua kwa moyo, polepole, pamoja na skeli, na baada ya miezi kadhaa udi ukarudi kuwa udi. Naogopa kwamba wengi wanavua vifaa mapema mno kisha wanasema teknolojia imewashinda.

Zumari
Ubongo unaweza kuzoea ukali wa sauti, Udi_na_Kamba, hilo sikatai. Lakini ubongo haujui kuzoea noti inayotetemeka leo na kutotetemeka kesho, kwa kutegemea kama kifaa kimeishuku au la. Kuzoea kunahitaji kosa lisilobadilika. Aidha, udi ni chombo cha kudonoa nyuzi. Noti yake inafifia kabla kizuia mluzi hakijaamka. Ungekuwa unapiga filimbi ungeandika maelezo mengine.

Udi_na_Kamba
Ningekuwa napiga filimbi, BesiNzito angenipokea vipi?

TarumbetaJr
Swali la pembeni kidogo, lakini bado ni la kazi. Wangapi hapa mmewaambia wenzenu? Mimi nimeficha kwa nywele. Siku ya kupimwa uwezo ili niingie katika okestra, naogopa wakiona kifaa watasikia makosa ambayo sikuyafanya.

SautiYaTatu
Mwimbaji Johnnie Ray wa Marekani alipanda jukwaani miaka ya 1950 akiwa amevaa kifaa, enzi ambayo hakikuwa kitu cha kufichika, na umati ulijaa hivyo hivyo. Yeye alipoteza usikivu wa sikio moja tangu ujana, na operesheni ya mwaka 1958 ikazidisha madhara. Halafu yupo Evelyn Glennie wa Uskoti, aliyefanya kazi ya kupiga ngoma na ala za kugonga peke yake jukwaani, akapewa tuzo ya muziki ya Polar ya Uswidi mwaka 2015. Huyo ni kiziwi kabisa tangu utotoni, na hupiga bila viatu ili apokee mitetemo.

MpimaMasikio
Masahihisho madogo kuhusu Glennie, kwa sababu kosa hili husambaa sana. Yeye mwenyewe ameeleza kwamba ana uziwi mzito, ambao si sawa na ukimya mtupu: usikivu wake ulishuka hatua kwa hatua mpaka ukafika hapo akiwa na miaka 12 hivi. Na kwa uzi huu jambo muhimu ni kwamba alijaribu vifaa akiwa mtoto, akaviacha, kwa sababu vilimletea sauti nyingi kuliko alivyoweza kuipanga. Hilo lilimfaa yeye, mpigaji wa ala ambazo mtetemo wake unafika mwilini. Nisingependa mpiga fidla achukue mfano huo na kuvua vifaa kesho.

Fidla_Nne
TarumbetaJr, mimi niliwaambia wenzangu wa dawati moja tu, ili wanionyeshe kwa ishara kondakta anapotaja namba ya mstari. Kwenye mazoezi kinachonishinda ni maneno ya kondakta kati ya vipande, wakati kifaa kiko kwenye programu ya muziki na maikrofoni zinachukua pande zote. Nikihamia programu ya mazungumzo ninachelewa kuanza. Faida ya kusema ni hiyo, wala si ujasiri.

Na wewe unayepiga shaba, uliza pia kuhusu kinga. Pendekezo la NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ongezeko la desibeli 3 hukata muda kwa nusu, hivyo desibeli 100 ni dakika 15 tu. Kilichobaki sikioni ndicho kinachofanya kifaa kiwe na maana.

BesiNzito
Nami naongeza la betri, maana hakuna anayelisema. Betri za zinki na hewa hushikilia nguvu sawa karibu muda wote, kisha huanguka ghafla. Kifaa hutoa mlio wa onyo, na onyo langu lilikuja katikati ya kipande cha polepole, kwa noti isiyokuwamo kwenye akodi. Tangu hapo naweka betri mpya kabla ya onyesho hata kama ile ya zamani bado inafanya kazi. Jasho nalo lina kesi yake.

KiongoziKwaya
Asanteni nyote. Nimefanya jaribio la MpimaMasikio: sikio la kulia linatofautisha vibonye mpaka karibu na mwisho, ila la kushoto, kuanzia oktava ya mwisho, lina vibonye jirani vinavyofanana kabisa. Irabu "ii" inavuma kifaa kikiwa kimezimwa, kama alivyosema Soprano_Mzee. Utepe wa gundi umeondoa kukwaruza kwenye sehemu za nguvu, lakini sasa sisikii waimbaji wa sauti ya pili wanapoimba taratibu. Mtaalamu wangu ameniwekea programu ya muziki isiyo na kizuia mluzi wala kupunguza kelele, na kushusha masafa kumezimwa. Noti za katikati zimetulia. Za juu bado zinatetemeka, kidogo, na hasa nikiwa na kwaya kuliko nikiwa peke yangu.

Zumari
Kama zinatetemeka ukiwa na kwaya tu, huenda ni waimbaji wako.

MpimaMasikio
Kwa oktava hiyo ya kushoto ningeomba kifaa kisikuze sana hapo, na kukuza kuishie chini kidogo ya eneo lililokufa. Utapoteza mng'ao, utapata utulivu.

Fidla_Nne
Kabla hajakata chochote, avae kifaa cha kulia peke yake kwa mazoezi mazima, kisha cha kushoto peke yake. Kama mtetemo unatokea kwa vyote viwili, oktava ya kushoto haihusiki, na tutakuwa tumerudi kwenye sauti mbili zinazogongana.

FundiMitambo
Na utepe apunguze tabaka moja badala ya kuutoa wote, sauti ya pili itarudi. Halafu ajaribu ogani, si piano. Noti ya piano inaanza kufa mara inapopigwa. Ya ogani inasimama kadiri kidole kinavyosimama, na hapo ndipo tutajua kama kizuia mluzi kimezimwa kweli au kimepunguzwa tu na kuandikwa "kimezimwa" kwenye skrini ya kliniki.